Ratili Hamsini Kichwani

Ukisimama Forodhani, mjini Zanzibar, jioni ukatupa macho upande wa kaskazini, utaviona visiwa vidogo vilivyojipanga mbele ya bandari. Kimoja ni Chapwani, na watu wengi hukijua kwa jina la kisiwa cha makaburi. Humo wamelazwa mabaharia wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo ilikuwa imetia nanga hapa ikitengenezwa mitambo yake, ndipo Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyokuwa imejificha katika mito ya Rufiji, ilipoitokea ghafla na kuimiminia mizinga mpaka ikazama. Makaburi yale yanatunzwa, yana mawe, na mawe yana majina. Hiyo ni haki yao na sina neno juu yake. Ninayetaka tumzungumzie leo ni mtu mwengine wa vita hivyo hivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia: kijana mkulima wa kisiwa hiki cha Unguja, aliyetolewa kondeni kwake akavushwa bara kwenda kulibebea jeshi mizigo. Yeye hana jiwe. Dai langu ni moja, na nitalitetea: kijana yule alikuwa askari, na lile neno "mpagazi" aliloandikiwa katika daftari ndilo lililohalalisha alipwe kidogo, alishwe vibaya, azikwe popote na asahauliwe upesi.

Tumtazame kwanza kabla hajachukuliwa. Kijana wa miaka 20 katika mwaka 1916 alizaliwa 1896, mwaka ambao Waingereza waliipiga mizinga kasri ya Sultani kwa muda usiofika saa moja na kumaliza ubishi wa nani hasa anatawala hapa. Akiwa na mwaka mmoja, ikatoka amri ya 1897 ya kuondoa utumwa; akiwa na miaka 13, ikaja amri ya 1909 iliyofunga mlango uliokuwa umebaki nusu wazi. Maana yake ni kwamba kijana huyu, hasa akiwa wa upande wa mashamba ya karafuu, huenda mama yake au babu yake alikuwa mali ya mtu. Akiwa Mhadimu wa Makunduchi au Jambiani, hakuwa na historia hiyo moja kwa moja, lakini aliijua vizuri. Maisha yake yalikuwa muhogo, kunde na mtama katika ardhi ya mawe ambayo mgeni akiiona atashangaa vipi huota kitu. Yalikuwa ni kwenda pwani maji yakijaa na yakitoka, na msimu wa karafuu ukifika, kwenda kuchuma kwa ujira wa pishi. Si maisha ya raha. Lakini yalikuwa na jambo moja ambalo wengi wa kizazi kilichomtangulia hawakuwa nalo, nalo ni kwamba asubuhi akiamka, aliamua mwenyewe aende konde lipi.

Uamuzi huo ndio uliochukuliwa na vita. Mwanzoni serikali ilitafuta watu wa hiari, na wapo waliokwenda kwa sababu ya mshahara. Vita vilipozidi kuingia ndani ya Tanganyika, wa hiari hawakutosha, na kote katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza Afrika Mashariki ikafuata shuruti. Kule Kenya, mwaka 1917, ilipita operesheni kubwa iliyosimamiwa na John Ainsworth ya kuwakusanya wanaume vijijini kwa maelfu. Visiwa hivi havikuachwa nje, navyo vilitoa wapagazi wao. Shuruti hiyo haikumwangukia kila mtu. Mwenye duka la Darajani hakutakiwa abebe gunia, wala mwenye shamba la karafuu. Ilimwangukia Mwafrika mwenye jembe, kwa sababu alikuwa na mwili wenye nguvu na hakuwa na mtu wa kumsemea.

Kwa nini lakini jeshi la dola kubwa, lenye meli na reli, limhitaji mtu wa kubeba kwa kichwa? Jibu ni mbung'o. Katika mapori ya kati na ya kusini ya Tanganyika farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa makumi ya maelfu mara tu Jenerali Smuts, kamanda wa jeshi la Waingereza, alipoanza kuteremka kusini mwaka 1916. Magari yalikwama mvua ziliponyesha. Reli zilikuwa mbili tu, ya Tanga na ya Kati, na adui, von Lettow-Vorbeck, alijihifadhi kwa makusudi mahali ambapo reli hazifiki. Ikabaki shingo ya binadamu. Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu hii peke yake inatosha kuonyesha nani aliyebeba vita hivi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha ratili 50 hadi 60. Tuchukue 50, na tuseme zote ni unga. Mbebaji naye hula. Tumpe ratili 2 kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, yeye mwenyewe amekwisha kula ratili 40. Zilizomfikia askari wa mbele ni 10. Kikosi cha watu 100 kinachokula ratili 200 kwa siku kitahitaji basi wabebaji 20 wawasili kila kukicha, na kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku 20, ni lazima wabebaji 400 wawe barabarani muda wote ili watu 100 wenye bunduki wale. Hapo bado hatujabeba risasi, mahema, dawa, wala kiti cha bwana mkubwa. Ni kweli kwamba mashua, reli na magari yalizifupisha safari hizo palipowezekana, na hesabu halisi ilipanda na kushuka. Lakini mtu akizisoma habari za kampeni ile akashangaa kwa nini Waingereza waliandikisha zaidi ya wapagazi milioni moja kwa kumfukuza jenerali mmoja mwenye jeshi dogo, asishangae tena. Vita vile vilikuwa safari ya unga, na risasi zilikuja baada ya unga kufika.

Hapa ndipo inapokuja hoja ya kwanza ya kunipinga, nayo si ya kudharau. Mtu atasema: kubeba si kupigana, askari ni yule anayeshika silaha na kukabiliana na adui, tusiwachanganye. Nitamjibu kwa kumwonyesha mtu mmoja tu. Katika kampeni ile ile walikuwamo Waingereza waliokuwa madereva wa malori katika kikosi cha huduma cha jeshi lao. Kazi ya dereva yule ilikuwa kuchukua unga na risasi kutoka ghalani na kuvipeleka mbele. Mara nyingi hakupiga risasi hata moja. Lori lake lilipokwama kwenye tope, magunia yale yale yalishushwa na kuwekwa juu ya vichwa vya wapagazi, wakaendelea nayo. Dereva aliitwa askari, akalipwa kama askari, na alipokufa kwa homa alizikwa na kuwekewa jiwe la askari. Aliyepokea gunia lake hakuitwa hivyo. Mzigo ulikuwa ule ule, njia ile ile na homa ile ile. Kama kubeba si uaskari, basi tumvue na dereva cheo chake. Na kama hatumvui, itubidi tutaje tofauti iliyobaki baina ya watu hawa wawili, nayo kila msikilizaji anaijua.

Na hatari? Wapo wanaodhani mbebaji alikaa nyuma penye usalama. Kwa upande wa Waingereza, wapiganaji waliofariki katika kampeni ya Afrika Mashariki wanahesabiwa kuwa kiasi cha elfu kumi na kidogo. Wapagazi waliofariki, kwa hesabu zilizoandikwa, ni karibu 95,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi ya kweli ni zaidi ya hapo. Wachache sana kati yao waliuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Mtu aliyekulia kwenye wali, muhogo na samaki alipewa unga wa mahindi uliosagwa kwa pupa, ukiwa na chenga, akaambiwa ajipikie usiku katika mvua kwa kuni mbichi. Unga usioiva vizuri ukalikwaruza tumbo, likaanza kutoka damu, na kesho yake mzigo ukawa pale pale ukimngoja. Masika ya 1917 yaliufurisha mto Rufiji mpaka bonde zima likawa bahari. Mapito yakazama, maghala yakabaki matupu, na watu wakafa wakiwa wameketi kando ya njia. Nguo yake ilikuwa shuka au blanketi moja. Kwa kijana wa kisiwa ambaye hajapata kuona baridi inayozidi ile ya kipupwe ya usiku, nyanda za juu za kusini zilikuwa adui kamili, hata kama hakutokea Mjerumani hata mmoja.

Hoja ya pili ni ya watu wanaoijua historia, na inahitaji jibu refu kidogo. Wanasema: upagazi ni kazi ya kale ya pwani yetu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibebwa na Wanyamwezi waliokuwa mafundi wa kazi hiyo, wenye fahari nayo, waliopatana ujira kabla ya kuinua mzigo, na msafara ukiwadhulumu walitua mizigo chini wakagoma. Hapa mjini tuna mahamali wa bandarini, kazi ya halali inayolisha familia. Kuna ubaya gani basi mtu akiitwa mpagazi? Ubaya haupo katika kazi. Upo katika kulitumia jina la kazi ya hiari kuifunika kazi ya shuruti. Mnyamwezi wa msafara alikuwa na vitu vitatu: kupatana, kugoma na kurudi kwao. Kijana wa Unguja wa 1917 hakuwa na hata kimoja. Kenya ujira wa mpagazi wa kijeshi ulishushwa hadi rupia 5 kwa mwezi, sehemu ndogo tu ya alichopata askari mwenye bunduki, na hakukuwa na wa kupatana naye. Akigoma, kiboko. Akiondoka, anahesabiwa mtoro wa jeshi. Hamali aliyeacha kazi bandarini hawezi kuwa mtoro. Yaani alipotakiwa kutii aliwekwa chini ya sheria ya jeshi, na alipotakiwa kulipwa na kuenziwa akaambiwa yeye ni kibarua. Huwezi kumshika mtu kwa mikono yote miwili namna hiyo kisha ukadai umemtendea sawa.

Atatokea wa tatu aniambie habari za Askofu Frank Weston. Huyu alifika Zanzibar 1898, akawa askofu wa Kianglikana mwaka 1908, mwenye kanisa lake kuu pale Mkunazini ambapo zamani palikuwa soko la watumwa. Mwaka 1916 alikusanya kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar, akapewa cheo cha meja, akavuka nao bara na kutembea nao kwa miguu. Serikali yake ikamtunuku nishani. Basi, wanasema, haikuwa dhuluma tupu. Alikuwapo kiongozi aliyewajali watu wake. Nakubali kwamba alikuwapo, na nakubali kwamba kwa mpagazi tofauti baina ya msimamizi mwenye huruma na asiye nayo ilikuwa tofauti ya kurudi na kutorudi. Lakini mwangalieni mtu huyu huyu baada ya vita. Mwaka 1918 alichapisha barua ya wazi kwa Smuts akiushutumu utawala wa Wajerumani kwa jinsi walivyowatesa Waafrika, na hilo liliwapendeza wengi Uingereza. Mwaka 1920 akaigeuza kalamu, akaandika kijitabu kuishutumu serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwalazimisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi. Hilo halikupendeza. Bila shaka alikuwa na sababu nyingi za kidini, na kazi za lazima alizozipinga zilikuwa za wakati wa amani, za kuwanufaisha walowezi. Hata hivyo ni mtu aliyeyaona mambo haya kwa macho, na alipopata nafasi ya kuandika hakusema kwamba shuruti ikiwa na msimamizi mwema hugeuka hiari. Kumtumia yeye kuitetea shuruti ni kumtumia dhidi ya maandishi yake.

Hoja ya mwisho ndiyo ninayoisikia zaidi, tena hutolewa na watu wetu wenyewe. Vile havikuwa vita vyetu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, basi sisi tulikuwa nyasi. Ya nini kuwafukua waliokufa kwa ugomvi wa wazungu? Methali ni nzuri, ila hapa haikai sawa. Nyasi huumia zikiwa mahali pake, tembo wakizikanyaga. Nyasi haziitwi majina kijijini, hazipandishwi chomboni, wala haziambiwi ziwabebee tembo chakula. Mtu aliyefanyishwa kazi ya vita, na kazi hiyo ikaamua mshindi, hawezi kuwekwa pamoja na waliopitiwa na vita kwa bahati mbaya. Tena hoja hii ina udhaifu mwengine: ikiwa si vita vyake, deni analodai linakuwa kubwa zaidi. Anayepigania chake hujilipa kwa kuwa na chake. Aliyepiganishwa kwa ajili ya mwengine amebakiza nini ila ujira na jina?

Na vyote viwili viliwekwa mbali naye. Baada ya vita, mishahara mingi ya wapagazi waliokufa haikufika kwa warithi, kwa sababu jina lililoandikwa vibaya na karani, bila jina la baba wala mji, halina mrithi. Kuhusu makaburi, Gavana wa kwanza wa Tanganyika, Horace Byatt, alikuwa na maoni kwamba maziara makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwengineko yaachwe yarudi msitu haraka iwezekanavyo. Badala ya majina zikajengwa sanamu za kuwakilisha wote kwa pamoja, Mombasa, Nairobi, na ile ya Askari ya Dar es Salaam ya mwaka 1927, ambapo katikati ya jiji amesimama mwanajeshi mwenye bunduki na singe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao Waafrika, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa. Upande wa Ujerumani nako mambo hayakuwa tofauti. Katika miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani wa Tanganyika malimbikizo yao. Inasimuliwa kwamba wazee waliofika bila cheti walipewa ufagio mmoja mmoja, wakaamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la silaha, na mikono yao ikakumbuka. Ni hadithi tamu. Lakini mzee aliyekuwa mpagazi angepewa nini ashike? Mwenye ushahidi wa shingoni hakuwa na mtihani wake.

Kuna watakaosema kumbukumbu ipo, katika jina la Kariakoo. Ni kweli kwamba jina hilo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, kwa kuwa soko la Dar es Salaam lilikua mahali walipokuwa na kambi. Jina limevuka bahari, na sisi tunayo Kariakoo yetu, ambako sikukuu ya Idi watoto huvaa nguo mpya wakapanda mabembea na kula aiskrimu. Ni jambo zuri kwa uwanja. Ila neno ambalo wasemaji wake hawajui limetoka wapi halikumbushi kitu. Limekuwa sauti tu, kama Michenzani kwa mtu asiyejua habari ya michenza.

Sisi wenyewe si watu wasiojua kuenzi. Waliokufa katika vita vya Kagera, wengi wao vijana wa vijijini, wana maziara yao Kaboya, mkoani Kagera, na kila tarehe 25 Julai taifa zima linasimama kwa ajili ya mashujaa. Na kwa vita vya Mjerumani Zanzibar ina jengo lake, tena si dogo. Pale Mnazi Mmoja limekaa jumba jeupe lenye kuba, Beit el-Amani, nyumba ya amani, lililochorwa na msanifu Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925, likijengwa mahsusi kukumbuka kumalizika kwa vita vile. Likafanywa makumbusho. Katika makumbusho hayo na tawi lake vikawekwa vitu vingi vya thamani, mpaka mifupa ya dodo, ndege wa Mauritius aliyetoweka duniani karne tatu zilizopita. Sina ugomvi na dodo. Ninasema tu kwamba jumba la kumbukumbu ya vita lililopata nafasi ya ndege yule lina ukuta wa kutosha kwa majina ya vijana wa Makunduchi, Chwaka na Donge.

Majina hayo yana pa kuanza kutafutwa. Nyaraka za serikali ya zama zile ziko Kilimani, katika hifadhi yetu ya taifa, na Tume ya Makaburi yenyewe, baada ya ripoti yake, imesema inatafuta majina yaliyoachwa. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa na mafaili, mwenye subira na anayeijua miji yetu, ili karani wa Kiingereza wa 1917 akiwa ameandika jina vibaya, yeye alitambue. Kutoka Kilimani hadi Beit el-Amani si mwendo wa nusu saa kwa miguu, hata kwa mtu mwenye mzigo.